Anoreksia kwa mabinti: hedhi ikikatika, mifupa nayo inaliwa (uzi mrefu)

#1 Fundi_wa_Picha

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni kupima uimara wa mifupa kwa mashine ya DEXA, aina ya eksirei yenye mionzi midogo. Wengi wanaokuja ni kina mama waliokwisha koma hedhi, na hao ndio mashine inaowatarajia. Ila kuna kundi ambalo halisemwi: mabinti wa miaka 16, 19, 23, wanaoletwa na kliniki za afya ya akili kwa ajili ya anoreksia nevosa. Ukizitazama namba za uti wao wa mgongo bila kuona tarehe ya kuzaliwa, utaapa ni za mtu mwenye wajukuu.

Anoreksia ikitajwa, watu huishia kwenye wembamba na kioo. Wembamba unatibika. Mfupa ndio unaobaki nyuma hata baada ya uzito kurudi, na kwa mabinti wengi hakuna aliyewaambia hilo mapema. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Kabla sijaendelea, ombi moja: tusitaje kilo za mtu, kalori, wala mbinu za kujinyima. Humu wanapita wanaoumwa, na namba za aina hiyo kwao hugeuka mashindano. Mods, atakayekiuka mfuteni bila kuuliza.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe. Mtu anajinyima chakula kiasi cha kuudhuru mwili, anaogopa mno kuongezeka uzito, na anavyojiona sivyo alivyo. Si mambo ya mitandao ya juzi. Richard Morton, daktari wa Uingereza, alimwandika binti wa miaka 18 mwenye hali hii mwaka 1689. William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliandika kila mmoja kivyake mwaka 1873, na Gull ndiye aliyeupa ugonjwa jina tunalolitumia. Gull hakuwa na maabara ya homoni, lakini macho alikuwa nayo: aliandika kwamba wagonjwa wake hedhi imekatika, mapigo ya moyo yamekuwa ya polepole, na joto la mwili limeshuka. Yote matatu ni mwili uliopunguza matumizi.

Chukulia nyumba iliyopungukiwa kipato ghafla. Chakula cha watoto kinalipwa kwanza. Ujenzi wa chumba cha nyuma unasimama. Mwili hufanya hivyo hivyo. Ubongo na moyo vinapewa kwanza, kisha uzazi, ukuaji na ujenzi wa mfupa vinasimamishwa hadi hali itakapokuwa nzuri. Taabu ni kwamba kwa binti wa miaka 15 hicho kinachosimamishwa hakina msimu mwingine mrefu wa kufanyika.

Naendelea kwenye posti inayofuata, msinikatize kidogo.

#2 Fundi_wa_Picha

UMETABOLI

Umetaboli ni jinsi mwili unavyotumia nishati. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994. Kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo akiba iliyopo. Mafuta yakipungua na chakula kikipungua, leptini inashuka, na haipothalamasi kule ubongoni inaelewa kwamba kuna njaa. Kuanzia hapo amri zinabadilika moja baada ya nyingine.

Homoni ya T3 ya thairoidi, tezi iliyo shingoni, inashuka. Mwili unachoma nishati kidogo hata mtu akiwa amelala tu, na upungufu huo unazidi ule ambao ungetokana na kupungua misuli peke yake. Ndiyo maana mgonjwa anavaa sweta watu wengine wakijipepea, vidole vinakuwa vya bluu, na malaika (vinyweleo laini) yanaota mgongoni na mikononi. Tumbo linachelewa kutoa chakula, choo kinakuwa kigumu. Mapigo ya moyo yanashuka chini ya 50 kwa dakika, na hapo utasikia mtu akijisifu kuwa ana moyo wa mwanariadha. Mara nyingi ni moyo ambao msuli wake umepungua.

Majibu ya damu nayo yana vituko. Sukari iko chini, hilo linaeleweka. Lakini kolesteroli mara nyingi iko JUU, kwa mtu asiyegusa mafuta. Nimesikia zaidi ya mara moja binti akipewa ushauri wa kupunguza mafuta kwa sababu ya karatasi hiyo. Ni kumpa mgonjwa sababu nyingine ya kutokula, tena yenye muhuri. Kolesteroli ya namna hiyo hutokana na njaa yenyewe, na hurekebika mtu akilishwa.

Na T3 ikiwa chini haimaanishi thairoidi inaumwa. Kumpa vidonge vya thairoidi ni kuusukuma mwili uchome akiba usiyokuwa nayo.

Wanaotaka ushahidi wa jinsi njaa inavyombadilisha mtu mzima wa akili, kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota la mwaka 1944 hadi 1945 chini ya Ancel Keys. Wanaume 36 wenye afya, waliokataa vita kwa dhamiri, walijitolea kupunguziwa chakula kwa karibu nusu mwaka. Walipoteza takriban robo ya uzito. Umetaboli wao wa kupumzika ulishuka kwa asilimia 40 hivi. Walisikia baridi katikati ya kiangazi, hamu ya mapenzi iliisha, na wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kuwaza chakula mchana kutwa. Hawa hawakuwa na anoreksia hata mmoja. Kwa hiyo sehemu ya yale tunayoyaita "tabia za ajabu" za mgonjwa inatoka kwenye njaa, na itaondoka na njaa.

#3 Kiti_cha_Mbele

Nimeshakaa. Endelea mkuu.

#4 Mzee_Kijana

Mkuu heshima yako, lakini tuseme ukweli. Hayo ni magonjwa ya watu wenye chakula wanaochagua. Mwekee sahani mbele, asipokula mwache, njaa itamfundisha.

#5 Fundi_wa_Picha

Mzee_Kijana, nakujibu kwa heshima. Njaa haimfundishi huyu mtu. Kwa wengi, kadiri wanavyokonda ndivyo hofu ya chakula inavyopanda. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya karibu wagonjwa 17,000, ukakuta maeneo manane ya vinasaba yanayohusishwa na ugonjwa, na uhusiano haukuwa na magonjwa ya akili tu bali pia na mambo ya umetaboli: sukari, mafuta ya damu, umbo la mwili. Huyo binti unayemwona mkaidi anaweza kuwa amezaliwa na mwili unaoitikia njaa tofauti na wako.

Na "mwache" ina gharama. Uchambuzi wa tafiti nyingi wa mwaka 2011 ulikuta watu wenye anoreksia wanakufa kwa kiwango kinachokaribia mara sita ya wenzao wa rika lao, na kati ya watano waliokufa mmoja alijiua. Si magonjwa mengi ya akili yenye namba kama hiyo.

Sasa mifupa.

MIFUPA

Mfupa hauko kama ulivyoumbwa. Kila siku kuna seli zinazobomoa mfupa wa zamani, osteoklasti, na seli zinazojenga mpya, osteoblasti. Utotoni na ujanani ujenzi unauzidi ubomoaji. Wasichana wanajenga kwa kasi kubwa zaidi karibu na miaka 12 na 13, na kufikia miaka 18 hadi 20 karibu asilimia 90 ya mfupa wa maisha yote iko tayari. Ikifika miaka ya mwisho ya ishirini, ujenzi mkubwa umekwisha. Anoreksia huanza lini? Mara nyingi katikati ya ujana. Yaani inaingia pale pale.

Kinachotokea ni hivi. Haipothalamasi kwa kawaida hutuma ishara kwa tezi ya pituitari kwa vipindi, kila saa moja au mbili hivi, na vipindi hivyo ndivyo vinavyoendesha ovari. Njaa ikizidi, mpangilio unavunjika. Kwa baadhi ya wanawake watu wazima unarudi kuwa ule wa mtoto ambaye hajabalehe. Estrojeni inaanguka, hedhi inakatika. Estrojeni ndiyo inayozizuia seli za kubomoa, kwa hiyo ikiondoka zinafanya zinavyotaka.

Hapo tungekuwa na hali ya mwanamke aliyekoma hedhi, na wengi huishia kueleza hivyo. Lakini anoreksia ni mbaya zaidi, kwa sababu upande wa ujenzi nao unafungwa. Homoni ya ukuaji inapanda, ila ini linaacha kuitikia, kwa hiyo IGF-1, ambayo ndiyo inayowaamsha wajenzi, inashuka. Kotisoli, homoni ya msongo, inapanda, na kotisoli inawazima wajenzi. Insulini na leptini chini. Testosteroni, ambayo wanawake nao wanayo na mifupa yao inaihitaji, chini. Kwa watu wazima unakuta ubomoaji umeongezeka na ujenzi umepungua kwa wakati mmoja. Kwa vijana unakuta vyote viwili vimepoa, mfupa umeganda katika umri ambao ulipaswa kuwa na shughuli nyingi kuliko wakati wowote.

Kuna jambo linalonishangaza mpaka leo. Mwili wote umekauka mafuta, lakini uboho ndani ya mifupa unakutwa na mafuta MENGI kuliko wa mtu mwenye afya. Seli mama zilezile ambazo zingeweza kuwa wajenzi wa mfupa zinaelekea kuwa seli za mafuta. Na kadiri mafuta ya uboho yanavyozidi, ndivyo mfupa unavyokuwa hafifu.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima wanawake 130 wenye anoreksia. Asilimia 92 walikuwa na mfupa uliopungua angalau sehemu moja, na asilimia 38 walikuwa wamefika kiwango cha osteoporosisi, yaani mfupa dhaifu unaovunjika kirahisi. Mwingine, wa mwaka 1999, uliwafuatilia wagonjwa wa Rochester, Minnesota, kwa rekodi za miaka mingi: miaka 40 baada ya kugunduliwa, zaidi ya nusu walikuwa wamevunjika mfupa, hatari inayokaribia mara tatu ya iliyotarajiwa.

Uti wa mgongo ndio unaoumia mapema, kwa sababu ndani ya pingili kuna mfupa wa matundumatundu ambao hubadilishwa haraka. Nyonga hufuata.

Mwisho wa sehemu hii: kalsiamu ya damu ya binti huyu itakuja KAWAIDA. Ikitaka kushuka, mwili unaichukua mfupani. Kwa hiyo karatasi ya maabara iliyo safi isimtulize mtu.

#6 Sauti_ya_Asubuhi

Habari zenu. Nina miaka 20. Naomba niulize bila kutaja mengi. Niliacha kuona siku zangu kwa muda mrefu, zaidi ya nusu mwaka. Nilienda kliniki moja nikapewa vidonge vya uzazi wa mpango, na sasa naona kila mwezi bila kukosa. Niliambiwa homoni zimekaa sawa na mifupa iko salama. Je, ni hivyo? Maana sijabadilisha sana ulaji.

#7 Fundi_wa_Picha

Mdogo wangu, ahsante kwa kuuliza. Swali hili linawahusu wengi kuliko unavyodhani.

Damu unayoiona inatokana na ratiba ya vidonge: homoni za kidonge zikikatizwa ile wiki ya mwisho, ukuta wa kizazi unaporomoka. Ovari zako zinaweza kuwa zimelala vilevile. Na kibaya zaidi, kidonge kinaondoa ile ishara pekee ambayo wewe na daktari mngeitumia kujua kama mwili umerudi.

Kuhusu mifupa, vidonge hivi vimejaribiwa kwa wenye anoreksia na havikuonyesha kuilinda. Sababu mojawapo inaeleweka vizuri. Estrojeni ukiimeza inapita ini kwanza, na pale ini linapunguza utoaji wa IGF-1, ambayo kwako tayari iko chini. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi inaingia damuni moja kwa moja bila kupita huko. Mwaka 2011 kundi la watafiti la Madhusmita Misra kule Marekani lilitoa matokeo ya wasichana wenye anoreksia waliobandikwa estrojeni, pamoja na projesteroni ya vipindi, kwa miezi 18: mifupa ya mgongo na nyonga iliongezeka kuliko ya wale wa kiraka kisicho na dawa. Haikuwafikia wenzao wenye afya, lakini haikuendelea kuachwa nyuma.

Usiache vidonge kwa sababu umesoma uzi. Kama unavitumia kuzuia mimba, jua kwamba mimba inaweza kuingia hata kabla hujaona siku zako, kwa hiyo kinga bado inahitajika. Rudi kwa daktari, sema wazi kwamba hedhi ilikatika ulipopungua, omba DEXA, na uulize kama njia nyingine inakufaa. Na suala la ulaji liseme, hata kama linakuwia gumu. Hapo ndipo kiini kilipo.

#8 Dawa_Asili_na_Sayansi

Watu wanatishana bure. Kalsiamu, vitamini D, jua la asubuhi, na kuruka kamba nusu saa. Mfupa unapenda mtikiso. Miezi mitatu mambo kwisha.

#9 Fundi_wa_Picha

Mkuu, nusu ya ulichosema ni kweli na ndiyo inayokifanya kiwe cha hatari.

Kalsiamu inahitajika: miligramu 1,300 kwa siku kati ya miaka 9 na 18, na 1,000 baada ya hapo. Vitamini D nayo, mtu akipungukiwa aongezewe. Lakini huwezi kumpa mjenzi aliyefukuzwa kazi mifuko zaidi ya saruji ukategemea ukuta. Bila nishati na bila homoni, kalsiamu inapita tu.

Na mtikiso: kwa binti anayekula vya kutosha na anayeona siku zake, mazoezi ya kubeba uzito wa mwili yanaujenga mfupa. Kwa yule ambaye hedhi imekatika, mazoezi makali yanaweza kuongeza nyufa za mfupa na kumaliza nishati ndogo iliyobaki. Kumwambia mgonjwa wa anoreksia aruke kamba nusu saa, wakati wengi wao mazoezi ya kujilazimisha ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, hapana. Hilo lipangwe na wanaomtibu.

Miezi mitatu? Mfupa unahesabiwa kwa miaka.

#10 Mbio_Ndefu

Hii ya mazoezi imenigusa. Nilikuwa nakimbia mashindano ya masafa marefu. Hedhi ilipokatika, kocha wangu wa wakati huo alisema ni dalili kwamba mazoezi yamekolea. Nikaamini. Halafu maumivu ya muundi yakaanza: mwanzo yalikuja nikikimbia, baadaye yakaja nikipanda ngazi, mwisho nikilala. Ukibonyeza sehemu moja kwa kidole, ndogo tu, unaruka. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Ya MRI ikaonyesha ufa.

Mimi sikuwa na anoreksia kwa jina. Sikuogopa kunenepa, nilikuwa tu sili kulingana na nilichokuwa natumia. Je, habari ni ileile?

#11 Fundi_wa_Picha

Kwa mfupa, karibu ileile, dada. Haipothalamasi haiulizi kwa nini nishati haipo, kama ni hofu, ni mbio, au ni mengine. Inachopima ni kinachobaki baada ya mazoezi kuchukua chake. Watafiti waliwahi kuwapunguzia nishati wanawake wenye hedhi ya kawaida kwa siku 5 tu, na mpangilio wa homoni ya LH, ile ya pituitari inayoendesha ovari, ukaanza kuvurugika ilipopita kizingiti fulani. Siku tano! Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2014 ilikubali kuiita hali hii upungufu wa nishati katika michezo, na ikaeleza kwamba inagusa mifupa, moyo, kinga na akili, kwa wanaume pia.

Na kuhusu eksirei: ufa wa aina hiyo mara nyingi hauonekani wiki za mwanzo. Eksirei ikiwa safi lakini ukibonyeza kwa kidole panauma mahali pamoja, sikiliza kidole.

Kocha anayefurahia hedhi kukatika ni wa kuhamwa.

#12 Nesi_wa_Zamu

Fundi, naomba niingilie kabla familia hazijaenda kumjazia mtu sahani usiku huu.

Mtu aliyekaa muda mrefu bila kula vya kutosha, akirudishiwa chakula kwa pupa, anaweza kufa. Nimeiona hali hii wodini na sitaki kuiona tena. Wakati wa njaa mwili unaishi kwa mafuta na insulini iko chini. Wanga ukiingia kwa wingi, insulini inapanda ghafla, na madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi yanakimbilia ndani ya seli. Damuni yanaanguka. Fosfeti ikianguka misuli ya kupumua inachoka, moyo unapoteza mpangilio. Vitamini B1 nayo inatumika haraka, na ikiwa imekwisha ubongo unaumia. Kwa hiyo waliokonda sana, waliokaa siku nyingi bila kula, au wanaotapika na kutumia dawa za kuharisha, waanzie hospitali. Damu inapimwa mara kwa mara siku za mwanzo, na chakula kinapandishwa kwa mpango.

Lakini pia usiogope mpaka ukamwacha na njaa. Zamani tulikuwa tunaanza chini mno, mgonjwa anazidi kupungua tukimwangalia. Siku hizi, kwa wale wanaofuatiliwa vizuri, wengi huanzishwa juu zaidi.

Dalili za kwenda dharura bila kusubiri miadi: kuzimia, maumivu ya kifua, mapigo chini ya 50 mchana, kuvimba miguu baada ya kuanza kula, kuchanganyikiwa, au kuzungumzia kujiua. Hilo la mwisho halisubiri asubuhi.

#13 Mama_wa_Wawili

Wanangu, nawasoma kwa hofu. Binti yangu ana miaka 17. Alikuwa mnene tangu utotoni, amepungua sana kwa muda mfupi, na kila mtu anampongeza, mpaka shuleni. Hali mezani na sisi tena, anasema ameshakula. Siku zake hazijaja. Nilimpeleka, nikaambiwa uzito wake ni wa kawaida kwa urefu wake na nishukuru Mungu. Anasikia baridi sana. Mimi nafanyaje?

#14 Nesi_wa_Zamu

Shikamoo mama. Macho yako yanaona sawasawa. Mtu anaweza kuwa na hofu zote za anoreksia na kupungua kiasi kikubwa huku kilo zake zikibaki ndani ya "kawaida". Wataalamu wanaiita anoreksia isiyo ya kawaida, na moyo wa polepole, presha kushuka na hedhi kukatika huwapata hao pia. Kinachoangaliwa ni amepungua kiasi gani na kwa kasi gani kutoka njia yake mwenyewe ya ukuaji, siyo mstari wa karatasi wa watu wote.

Ukirudi, nenda na kumbukumbu zake za ukuaji tangu utotoni kama unazo. Omba apimwe mapigo na presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na apimwe moyo kwa ECG. Sema tarehe ya hedhi ya mwisho. Ukiambiwa tena mshukuru Mungu, mshukuru, halafu tafuta daktari mwingine.

Nyumbani usijadili mwili wake, hata kwa sifa. Kaa naye mezani. Kwa umri wake, matibabu yenye ushahidi mzuri ni yale ambayo wazazi wanashika usukani wa chakula kwa muda, wakiongozwa na mtaalamu. Hukusababisha wewe.

#15 Niliyerudi

Huwa nasoma tu humu, leo naandika. Naelekea miaka thelathini, nilipona. Nataka kuwaambia walio katikati ya safari mambo ambayo yangenisaidia kama ningeambiwa mapema.

Nilipoanza kula, nilikuwa naamka usiku nimelowa jasho, shuka zima. Nilidhani naumwa. Tumbo lilijaa baada ya vijiko vichache na kukaa limevimba mpaka jioni. Miguu ilivimba kidogo. Halafu uzito ulikaa tumboni kwanza, mikono bado mikonda, nikaona kila nilichokiogopa kimetimia. Nilikaribia kuacha pale.

Ukaja wakati mwili ukagawa wenyewe. Ule utumbo uliogoma ukazoea. Baridi ndiyo iliyoondoka mapema, na nikagundua nimekaa nje na blauzi nyepesi bila kuwaza. Siku zangu zilirudi baadaye sana kuliko uzito. Mifupa yangu? Mgongo umepanda, nyonga imepanda kidogo tu. Bado iko chini ya rika langu.

#16 Fundi_wa_Picha

Niliyerudi, dada yangu, hakuna nitakachoandika kinachozidi hicho. Niongeze tu kwa nini.

Lile jasho la usiku ni umetaboli unaowashwa upya. Ulioshuka unapanda, na kwa wengi unapitiliza kwa muda, ndiyo maana mgonjwa anayerudishiwa uzito anaweza kuhitaji chakula kingi kuliko mtu mwingine wa umbo lake. Familia huona anakula lakini haongezeki, zikadhani anadanganya. Wakati mwingine anadanganya, tusifichane, lakini mara nyingi mwili ndio unaochoma.

Mafuta kukaa kiwiliwili kwanza ni jambo linalojulikana, na kwa wanaoudumisha uzito hugawanyika vizuri baadaye. Hedhi kuchelewa baada ya uzito pia ni kawaida. Kotisoli na leptini zina mwendo wao.

Kwenye mfupa, kinachosaidia kuliko dawa yoyote ni uzito kurudi NA hedhi kurudi yenyewe. Uzito unainua zaidi nyonga, hedhi inainua zaidi mgongo. Kwa wengi hasara inasimama na sehemu inarudi. Kuwafikia kabisa wenzao si wote wanaofika, hasa ugonjwa ulioanza mapema na kukaa muda mrefu. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kuwahi una maana kubwa.

#17 Kiti_cha_Mbele

Swali la mwisho mkuu. Si kuna dawa za osteoporosisi wanazopewa wazee? Kwa nini wasipewe na hawa? Na DEXA ipimwe mara ngapi?

#18 Fundi_wa_Picha

Unazungumzia bisfosfoneti. Zinawazuia wabomoaji, na kwa wanawake watu wazima wenye anoreksia zimeonyesha kuongeza mfupa. Ila zinakaa ndani ya mfupa kwa miaka, na huyu ni mtu ambaye kesho anaweza kutaka mtoto, kwa hiyo madaktari wanazitoa kwa tahadhari kubwa na kwa wachache, kwa mfano aliyekwisha vunjika. Kwa vijana ambao tatizo lao ni ujenzi uliolala, kumzuia mbomoaji hakusaidii kitu kikubwa.

DEXA: wengi hupendekeza kipimo cha kwanza hedhi ikikatika kwa miezi 6 au zaidi, kisha kila mwaka mmoja hadi miwili hali ikiendelea. Kwa binti, tazama alama ya Z, inayomlinganisha na rika lake, siyo T inayomlinganisha na kilele cha ujana. Z ikiwa −2.0 au chini tunaandika "chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa umri". Nenda mashine ileile kila mara, maana za aina tofauti hazilinganishwi moja kwa moja. Mionzi yake ni midogo sana.

#19 Sauti_ya_Asubuhi

Nimepiga simu, nimepata nafasi. Nina woga wa mizani tu. Ni lazima nione uzito?

#20 Fundi_wa_Picha

Si lazima. Tunaupima kwa sababu mashine inauomba, lakini unaweza kupanda mizani ukiwa umeipa mgongo. Mwambie fundi ukiingia tu, kabla hajaanza: "sitaki kuona wala kusikia uzito." Ripoti nayo huwa inauchapa pale juu karibu na jina, kwa hiyo sema ipelekwe kwa daktari moja kwa moja. Vaa nguo isiyo na zipu wala vifungo vya chuma. Utalala chali, miguu juu ya boksi kwa ajili ya mgongo, kisha tutaigeuza ndani kidogo kwa ajili ya nyonga. Dakika chache umemaliza.